Mahali Aliponyamaza Jathum

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu hata nikiuficha jirani atausema. Msimu mzima wa mvua nilikuwa napeleka simu yangu kwa mtengenezaji wa pale karibu na stendi ya Migori, na simu yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote. Kosa nililoliona mimi ni hili: kila nikicheza nyimbo za yule mzee ninayetaka kukueleza habari zake, sauti ilikatika. Wimbo unaenda vizuri, waya unalia, mzee anaimba, halafu kimya. Kimya cha kumtosha mtu kugeuza shingo. Kisha wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikabadilisha spika. Nikanunua kadi nyingine. Nikafuta picha zote za harusi ya dada yangu nikidhani simu imeshiba, na dada yangu hajanisamehe mpaka leo.

Jirani yangu ni mama Mwadventista kutoka upande wa Kisii, anauza ndizi, na ua unaotutenganisha ni mwembamba hivi kwamba tunasikiana tukikohoa. Yeye aliniambia mapema. "Fundi, hiyo si simu. Huyo ni mtu amenyamaza."

"Mama, hizi nyimbo ni za Kidholuo," nikamjibu kwa ujuaji. "Wewe husikii Kidholuo."

"Kwani anaponyamaza ananyamaza kwa Kidholuo?"

Sikumjali. Nikaenda kwa mtengenezaji tena. Safari hiyo alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima. Alipomaliza alizivua, akaziweka mbali kidogo na mkono wake, kama mtu anayeweka chini kitu cha moto.

"Boss, simu yako ni mzima. Shida iko kwa huyo mzee. Na tafadhali usiniletee tena hiyo wimbo."

"Kwa nini?"

"Hapo kwa kimya," alisema, akiangalia pembeni, "ni kama kuna mtu anangojea mimi niseme kitu."

Tulimwita Jathum, yaani mpiga muziki. Wapiga muziki ni wengi huku kwetu, lakini kutoka Migori mpaka Kendu Bay ukisema Jathum bila kuongeza neno, watu walijua ni nani. Jina lake halisi ninalijua. Sitaliandika, na ukifika mbele utaona kwamba si kwa kumkosea heshima.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Nashonea nyumbani, katika chumba kinachotazama barabara, na tangu nimalize kidato cha nne sijaona sababu kubwa ya kwenda mahali ambapo cherehani yangu haipo. Jathum alikuja kwangu mara ya kwanza akitaka mfuko wa kubebea orutu yake. Orutu ni kinanda cha waya mmoja tu, kina tumbo dogo lililofunikwa kwa ngozi ya kenge, na hupigwa kwa upinde. Nilipotoa tepu nipime, akanizuia mkono. "Mpime kama mtoto," alisema. "Usimpime kama maiti." Sikujua tofauti ya vipimo hivyo. Nilipima tu, na mfuko ukatoka mkubwa kupita kiasi. Aliupenda hivyo hivyo, maana hata koti lake lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, na vilibaki vyeupe hata akitoka Masara, ambako wachimba dhahabu wamegeuza udongo wote kuwa tope. Hakuna aliyewahi kumwona akivipangusa.

Nyimbo zake hakuzisambaza kama wenzake. Wenzake walizipeleka redioni, walipiga video wakiwa wamevaa miwani, wameegemea magari yasiyo yao. Yeye alirekodi kwa simu ndani ya ghala lake la mahindi, katikati ya magunia, kwa sababu magunia hayarudishi sauti. Kisha aliutuma wimbo kwa watu wachache ambao aliwaita masikio yake. Sikio moja lilikuwa kinyozi wa Kendu Bay. Jingine lilikuwa mtu wa Masara anayewajazia wachimbaji nyimbo kwenye kadi za simu. Na mimi nilikuwa sikio. Nilimwuliza kwa nini alinichagua, nikijiandaa kwa unyenyekevu kusikia habari ya ladha yangu ya muziki.

"Wewe hutoki," alisema. "Wimbo ukija utakukuta."

Masikio tulikuwa na sheria moja: tusiseme "nzuri." Nzuri, kwake, ilikuwa ni ya chai. Alitaka kujua mwili umefanya nini. Kinyozi alitakiwa kueleza ni wapi mashine ilinyanyuka kutoka kichwani mwa mteja. Yule wa Masara alieleza ni wapi nyundo za wapondaji mawe zilinyamaza. Mimi nilieleza mguu wangu ulisimama wapi kwenye pedali ya cherehani.

"Ulisimama wapi?" aliniuliza siku moja kwa simu, bila hata salamu.

"Hapo kwa yule mwanamke na ndoo, Jathum."

"Ulisimama kwa sababu ya wimbo, au uzi ulikatika?"

Nikafikiri. "Uzi ulikatika."

"Basi usiniletee habari za uzi," akakata simu.

Vile vijipicha vya vidole na nyuso ambavyo watu hutuma kwenye simu vilimtesa. Aliniletea simu yake nimsomee kama barua ya serikali. "Huyu anacheka na machozi yanatoka. Ni furaha ama amefiwa?" Nikamwambia ni furaha. Hakuniamini. Alimpigia mtumaji akamwuliza kama kwao kuna msiba.

Matusi aliyapokea vizuri kuliko sifa. Kuna mtu wa Oyugis aliyemtumia sauti akisema orutu yake inalia kama fisi anayekuna mlango. Jathum aliihifadhi sauti hiyo, akawa anaisikiliza asubuhi akinyoa ndevu. "Huyu alifika mwisho," aliniambia kwa heshima kabisa. "Amelalamikia hata ule mstari wa mwisho. Wanaonisifu wote huishia katikati." Akampigia simu kumshukuru. Yule mtu alizima simu, na nadhani hajaiwasha mpaka leo.

Sasa, ili uelewe yaliyofuata, ni lazima nieleze jinsi msikilizaji anavyojibu muziki kwetu. Hangoji wimbo uishe ndipo apige makofi. Anainua mkono wimbo ukiwa katikati, mpiga orutu anashusha sauti, na msikilizaji anasimama kujisifu au kumsifu mwenzake mbele ya watu wote: mimi ndiye fulani, mwenye hivi na vile, rafiki wa fulani. Tunaita pakruok. Mpiga muziki mzuri anayachukua maneno hayo papo hapo, anayafinyanga, anayarudisha ndani ya wimbo pamoja na jina. Kuanzia hapo jina hilo linasafiri. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mto anaimbwa kwenye harusi za watu asiowajua. Hakuna aliyejua kuitendea kazi hiyo haki kama Jathum. Alikutaja ukasikia kwamba ndiyo, hata wewe ni mtu.

Wa kwanza alikuwa mchimba dhahabu wa Masara. Jathum alimwimba kuwa ni mtu anayeshuka ardhini kama anayeingia jikoni kwa mama yake. Wimbo ukaenda kwenye kadi, ukachezwa kwenye mdomo wa shimo alimofanyia kazi. Mahindi ya msimu huo yalikuwa hayajavunwa shimo lilipomfunika. Watu walilia, wakasema ni bahati mbaya, na kule bahati mbaya ni nyingi. Halafu akafuata mama muuza omena, dagaa wa ziwani, wa Kendu Bay, aliyesifiwa kwa kicheko chake. Aliugua, haikuchukua muda. Halafu mwenye bucha wa Oyugis, ambaye sifa zake zilisimamisha mguu wangu bila uzi wowote kukatika. Baada ya huyo hakuna tena aliyetaja bahati.

Ndipo ujumbe wa sauti ukaanza kumiminika. Alinichezea baadhi, tumekaa chumbani mwangu, sketi za shule zimetujaa mapajani.

"Jathum, mimi ni yule wa wimbo wa harusi. Nitoe. Sijakasirika na wewe, nitoe tu."

"Mzee, watoto wangu wamesikia jina langu likiimbwa sokoni wakaja nyumbani wanalia. Nakuomba kama baba."

Mmoja alitaja jina lake tu, polepole, kisha akapumua mpaka ujumbe ukaisha.

Hakubishana na yeyote. Alivaa viatu vyake vyeupe, akaenda nyumbani kwa kila aliyelalamika, akakaa, akaupiga ule wimbo mbele yake. Alipofika kwenye jina aliinua upinde, akafunga mdomo, akangoja kwa urefu ule ule wa jina, kisha akaendelea. Akimaliza anauliza, "Umejisikia?" Mtu akisema hapana, Jathum anarudi kwenye magunia yake anaurekodi upya na kuutuma kwetu masikio. Hata familia za waliokufa ziliomba, akawatoa pia. Hivyo ndivyo nyimbo zake zilivyokuja kuwa na mapengo, kama sweta lililoliwa na nondo, na ndiyo hayo mimi, kabla hajanieleza, niliyoyaita ugonjwa wa simu.

Nilimpa ushauri wa kifundi. "Si uzibe? Weka maneno mengine hapo. Weka mto, weka samaki, weka chochote."

Akanitazama sana. "Wewe ukifumua mfuko kwenye shati, alama za sindano si zinabaki? Hapo palikuwa na mtu. Nikiweka mto nitakuwa nimemdanganya mtu na nimeudanganya mto."

Lakini kufanya hivyo kulimgharimu. Wenye harusi waliacha kumwita, kwa sababu nani anataka mpiga orutu ambaye wageni wanaficha nyuso asije akawaona? Wakati huohuo vidole vyake vya mkono wa kushoto, vile vya kubonyeza waya, vilianza kukakamaa. Aliniambia wazi, na hakuwa mtu wa kulialia: "Nataka wimbo mmoja mzima, fundi. Mmoja tu, wenye mtu aliye hai ndani yake, kabla mkono huu haujanikataa. Nikiacha haya matobo pekee, nitakuwa sikuimba. Nitakuwa nilichimba."

Kuhusu matobo hayo, nieleze kisa cha mwenye duka la vitambaa, halafu useme mwenyewe. Ni mzee Mwislamu kutoka pwani, ana duka pale mjini Migori, na ndiye anayeniuzia kitambaa cha sare. Hasikii Kidholuo hata cha salamu. Nilikuwa dukani kwake mchana mweupe, simu inacheza ndani ya mfuko wa shati langu, naye anakata kitambaa cha buluu. Wimbo ukafika kwenye pengo. Mzee akainua uso.

"Naam?"

"Sijasema kitu, Sheikh."

"Umeniita."

"Sijakuita."

Akageuka kutazama nyuma, kwenye majora ya kitambaa yaliyopangwa mpaka darini. Hapakuwa na mtu, na hapangetosha mtu. "Nimeitwa kwa jina la utotoni," alisema taratibu. "Hapa Migori hapana alijuaye jina hilo. Aliyekuwa akiniita hivyo tulimzika kabla sijaoa." Nilitazama mkono wake. Mkasi ulikuwa umekwenda upande, na mzee yule hajawahi kukata upande. "Kizime hicho, bwana. Nakuomba kizime."

Nikamsimulia Jathum nikidhani atashtuka. Hakushtuka. Aliuliza swali moja tu. "Lilikuwa pengo la nani?"

"La yule wa Masara. Mchimbaji."

"Aa," akatikisa kichwa. "Yule alipenda sana kuzungumza na watu."

Usidhani alikuwa mtu wa giza. Alipenda mandazi kuliko mtoto, na alicheka vibaya, kwa pua. Ukimwuliza kama aliamini kwamba nyimbo zake zinaua, alikujibu kama mwalimu wa hesabu: "Nimeimba watu tangu ndevu zangu ni nyeusi. Ningeimba mbuzi, mbuzi nao wangekufa." Jibu hilo lilinituliza kila nilipolisikia, mpaka siku nilipogundua jambo ambalo sikio mwenye akili angeligundua mapema. Kila mpiga orutu hujitaja. Ni desturi, ni kama sahihi: mimi mwana wa fulani, ninayewaliza. Katika nyimbo zote za Jathum, za zamani na za sasa, jina lake mwenyewe halimo. Wala hakuna pengo lake. Hakuwahi kujiweka hata mara moja.

Nikamwuliza. Alikohoa, akasema koo limekauka, akaomba chai. Chai ilipokuja akazungumzia bei ya mahindi mpaka giza likakaribia, akaondoka.

Mara moja tu alinitoa nyumbani. Alisema anahitaji sikio la kwenda nalo Kendu Bay, kwa yule mama wa omena. Nilitaja sare za shule zinazosubiri, nikataja mgongo wangu, nikataja mawingu. Akaniambia nivae viatu.

Tulifika saa sita za mchana, jua limesimama wima, vitu havina kivuli. Kaburi la mama lilikuwa uani kama yalivyo makaburi yetu, limewekwa vigae vyeupe, kuku wanachakura kandokando. Watoto wake walitukaribisha, wakampa Jathum kigoda, wakaingia ndani bila kuuliza chochote, kama watu waliozoea. Jathum akatoa orutu, akaanza ule wimbo wa mama yule. Nilijiandaa kwa pengo. Pengo halikuja. Alilitaja jina lote, kwa sauti ya juu, hapo juani.

"Umemrudisha?" nilimwuliza alipomaliza.

"Hapa tu. Huyu sasa ana sababu gani ya kuogopa?"

Kisha akainamisha kichwa upande, kama alivyofanya akisikiliza ujumbe kwenye simu. Mimi nilianza kuhesabu vigae ili nisifikiri.

"Anasema nini?" Swali lilinitoka kwa mzaha, naapa. Mimi nikiogopa hutania.

"Anasema nimeharakisha pale kwenye kicheko." Alirekebisha waya. "Hata akiwa hai lalamiko lake lilikuwa hilo hilo."

Akaurudia, taratibu zaidi. Na hapa ninakwambia nilichokiona, wala siongezi: kuku wote wa ule uani waliacha kuchakura. Walisimama wamelielekea kaburi, mguu mmoja umeinuliwa, kwa muda wote wa jina. Jina lilipoisha wakarudi kuchakura. Jathum alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akafunga mfuko. Njiani sikutania tena.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa chumbani mwangu, mwaka jana, jirani akiwa upande wa pili wa ua anapanga ndizi zake. Jathum alikuja bila kupiga simu. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja, na aliubeba mkono huo kwa mkono mwingine kama kitu alichoazima. Alikataa chai, na hapo nikajua kuna jambo.

"Nina wimbo," alisema. "Umekamilika wote isipokuwa mahali pamoja. Nimezunguka nao. Kinyozi amekataa. Yule wa Masara amesema ana watoto. Nimebakisha wewe."

Sikuuliza mahali gani.

"Ukikataa hatutagombana," akasema. "Lakini hii ndiyo mara ya mwisho vidole hivi vitabonyeza. Leo asubuhi nimevichoma kwa maji moto ndipo vikafunguka."

Ningependa kukuambia nilisimama nikasema maneno ya kiume. Nilichofanya ni kutazama sketi iliyokuwa kwenye cherehani na kuuliza kama wimbo ni wa haraka au wa taratibu.

"Wa taratibu."

"Na mimi ninasifiwa kwa lipi? Sijafanya kitu."

"Kwamba ulisikiliza mpaka mwisho."

Nikauangalia ule mkono wake. Nikasema, "Ndiyo. Weka."

Aliegemeza simu yake kwenye cherehani, akabonyeza kurekodi, akaanza. Sijawahi kusikia orutu ikilia vile. Kila kidole kilipogusa waya uso wake ulijikunja kwa maumivu, lakini sauti haikuwa na maumivu hata kidogo. Wimbo ulinizunguka, ukaeleza nyumba, ukaeleza dirisha na mtu nyuma ya dirisha, ukapanda, ukapanda tena, nikaona sasa jina langu linakuja. Jathum alikuwa ananitazama usoni. Nilijitahidi uso usiseme kitu.

Upinde ukainuka. Mdomo wake ukafungwa. Akangoja kwa urefu kamili wa jina langu.

Kisha akaendelea mpaka mwisho, akazima simu, akairudisha orutu mfukoni.

"Jathum," nikasema, "nilikubali."

"Mdomo ulikubali." Alisimama. Hakuonekana amekasirika. "Asante, fundi. Wengine hata mdomo ulikataa." Akaondoka na viatu vyake vyeupe, na mimi nikabaki na jambo la aibu kuliko yote niliyokwisha kukuambia: nilikuwa na furaha. Nilipika ugali nikala wote.

Furaha hiyo ilikaa mpaka wimbo ulipotufikia. Aliutuma kwetu masikio, kama kawaida yake. Niliufungua nikiwa nashona, mguu uko kwenye pedali. Ukafika kwenye pengo, na katika pengo mlikuwa na sauti. Mtu anameza mate. Kavu, kwa shida, karibu kabisa na simu. Ilikuwa ni koo langu.

Kinyozi alinipigia akicheka. Wateja wake wanauliza ni nani huyo anayemeza kama chura aliyeitwa mbele ya darasa. Kule Oyugis, aliniambia, kuna watu wanabishana kama kumeza mate kunahesabika kuwa ni kutajwa. Lakini yule wa Masara hakucheka. Alisema wachimbaji wanaucheza kwenye mdomo wa shimo kabla ya kushuka, na wakifika mahali pale wote wanameza pamoja, hata wasiotaka. "Mimi pia," alisema. "Jaribu kujizuia, uone."

Nikampigia Jathum. "Si uliniachia? Si ulinyamaza?"

"Mimi nilinyamaza," alisema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyelala vizuri. "Jina sikulitaja. Mate uliyameza mwenyewe. Sikiliza vizuri, fundi, hapo hakuna tobo. Ulikuwa hai mahali pale, na umo ndani. Ndio huo sasa, wimbo mzima."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Ulisimama wapi?" aliniuliza. Nami nikaona kwamba hakuwa na lingine la kuniambia.

Mkono wake umefunga kabisa. Wanasema orutu ameitundika kwenye ghala, juu ya magunia, na kwamba hapigi tena wala hapigiwi. Nyimbo zake zingine zimeanza kusahaulika, mapengo na yote. Huo wangu unazunguka. Nimeusikia kwenye pikipiki zinazopita. Nimeusikia kwa mbali kwenye mazishi ya watu nisiowajua, nami hukaza koo nisimeze, na humeza.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu. Siendi dukani, kitambaa naletewa. Dirisha nalifungua nusu. Siku za dhoruba nachomoa kila kitu ukutani na kukaa katikati ya chumba. Wiki iliyopita jirani alinikuta nimesimama karibu na ua, nasikiliza kama mapigo yangu ya moyo yanaenda sawa, nikamweleza yote: wimbo, pengo, mate, na jinsi ninavyongoja. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitenganisha ndizi mbivu na mbichi. Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akaniambia, na namnukuu neno kwa neno:

"Fundi, wacha kuogopa kufa. Tangu nihamie hapa sijakuona ukifanya kitu yoyote ambayo maiti haiwezi."